Pazia la Meza ya Mihuri

Jumatatu, 14 Julai

Wimbo umekuja!

Asubuhi hii, pale mteremkoni karibu na daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, mahali ambapo unayasikia maporomoko kabla hujayaona. Nikasimamisha baiskeli. Maji yanaanguka, mvuke unapanda, jua linapita ndani ya mvuke, na mimi nimeshika usukani mdomo wazi kama mtoto. Napita hapo kila siku ya kazi na bado sijazoea. Ndipo wimbo ukashuka. Kiitikio, mistari yake ya mwanzo, mizima, imeoga na kuvaa. Machozi yakanitoka. Mimi nani, Ee Bwana? Mtu wa Kirushya, darasa la saba, mpiga mihuri!

Nikaubeba hadi ofisini taratibu, kama maziwa kwenye kibuyu kisicho na kifuniko. Simu yangu ni ya tochi, hairekodi kitu. Noti za muziki nazijua kwa kuzitazama tu, kama watu wa basi jingine. Wimbo wangu unakaa kichwani, basi.

Ofisini nikamkuta Tecla, karani mwenzangu, kwenye kiti changu. Anakula karanga zangu. Simu yake inakula umeme kwenye waya wangu. Akanipa shikamoo na kuniuliza, Baba Secilia, mbona leo unatembea kama umebeba yai kichwani? Nikajibu marahaba. Katika kule kusema marahaba, nusu ya kiitikio ikamwagika.

Nieleze jambo hili vizuri, ili hata mimi nilielewe. Jumapili Askofu anakuja parokiani kwa sikukuu ya msimamizi wetu. Nimeahidi wimbo mpya wa matoleo. Niliahidi kwa sauti, mbele ya kwaya yote. Eufrazia, mwenyekiti wa kwaya, akanijibu kwa upole kwamba nisipouleta Jumamosi, ualimu wa kwaya atapewa William. William ana kinanda cha umeme na suruali ya kubana. Mimi nina mikono yangu miwili tu ninayoipunga. Nimeifundisha kwaya hii tangu Secilia wangu ananyonya. Wakiniondoa, sijui Jumapili nitakaa upande gani wa kanisa.

Kwa hiyo nahitaji kimya. Na nahitaji siri. Danstan, anayekimbiza karatasi kati ya ofisi yetu ya uwakala na madirisha ya forodha, anaimba besi kwa Waanglikana, na chochote kinachoingia sikioni mwake kinatokea mdomoni kama mluzi. Akiusikia leo, kesho utakuwa umevuka kuingia Rwanda bila kulipiwa ushuru.

Lakini meza yangu ndiyo meza ya mihuri. Kila karatasi ya kila lori lazima ipite kwangu. Nimewekwa njia panda, halafu natafuta faragha! Roho Mtakatifu, nisaidie.


Jumanne, 15 Julai

Nimepata akili. Nimegeuza meza. Sasa natazama ukuta na wao wanatazama mgongo wangu. Mtu hawezi kuusumbua mgongo.

Saa za mchana. Wanaweza.

Tecla anakuja kwa nyuma, ananishika mabega yote mawili, anasoma karatasi zangu kupitia juu ya sikio langu huku anatafuna. Danstan hakuona pa kuweka helmeti yake ya pikipiki kwa kuwa meza imebanwa ukutani. Akaniwekea mimi kichwani! Nikakaa nayo. Nikajaribu kuimba ndani yake polepole. Mwangwi mzuri sana, kama kanisa kuu. Nikajisahau. Nilipoivua nikakuta ofisi yote inanitazama.

Danstan akatoka nje akipiga mluzi. Nikatega sikio. Mwanzo wa kiitikio changu. Ule ule!

Halafu nikapiga muhuri kichwa chini kwenye karatasi za lori la vitunguu, dereva akarudishwa dirishani, akaja kuniambia mzee, hivi vitunguu vyangu navyo vitavuka vikiwa vimesimama kwa kichwa? Nikamwomba radhi. Nikapiga upya.

Jambo moja linanishangaza. Tecla aliniambia kwamba leo nina furaha ya siri. Ameijuaje, naye aliona kisogo tu? Mungu amempa yule dada macho gani?


Jumatano, 16 Julai

Mkakati mpya. Tangazo. Nimeliandika kwa herufi kubwa na kulibandika mbele ya meza: USISOGEE HAPA BILA SABABU.

Sikujua kama dunia ina sababu nyingi hivi.

Tecla alikuja kueleza kwamba sababu yake ni karanga. Dereva mmoja wa Kahama alisogea kuuliza kama kusalimia ni sababu. Nikamwambia salamu ni sababu, siwezi kukataa salamu, mimi ni Mkristo. Basi wakajipanga madereva na mautingo wote wa uwanjani, wananisalimia kwa zamu, wananiuliza habari za nyumbani, za migomba, za maharage, za mama watoto. Danstan alisimama mbali, mguu mmoja umevuka kijimstari nilichochora sakafuni, akatangaza kwamba yeye hana sababu yoyote kabisa, ndiyo maana amebaki pale, je namwona vizuri?

Mwisho akaja bosi wetu mwenyewe, Mzee Malongo. Ni Msukuma wa Shinyanga, mtu mkubwa, mpole, anayeheshimu kila kilichoandikwa. Alisimama mbele ya tangazo kofia mkononi. Akaniuliza sababu za mwenye kampuni zinapokelewa saa ngapi.

Nimelibandua.

Wimbo leo haukuja kabisa. Nilipanda baiskeli kurudi nyumbani bila noti hata moja. Pale karibu na daraja maji yalikuwa yanaanguka vile vile, hayana wasiwasi, na niliona wivu. Wivu juu ya maji! Nikasali Salamu Maria nikisukuma baiskeli.


Alhamisi, 17 Julai

PAZIA!

Nimechukua pazia la sebuleni, lile la maua mekundu analolipenda Mama Secilia. Hajui. Scholastika, mke wangu, alikuwa shambani, na nitalirudisha. Nikafunga kamba kutoka msumari wa dirishani hadi kabati la mafaili, nikalitundika, nikaingia. Muhuri nautoa nje kwa mkono mmoja. Wanausogezea karatasi, unapiga, unarudi ndani.

Kimya. Sijui nikielezeje kile kimya. Mwanga ulipita kwenye kitambaa, mikono yangu ikawa myekundu, meza nyekundu, pedi ya wino nyekundu, kama nimekaa ndani ya ua. Nikapiga magoti pale pale kati ya kiti na kabati. Na wimbo ukarudi! Kiitikio chote. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili umekuja wenyewe mimi nikipiga muhuri wa lori la saruji. Naimba kwa puani tu, midomo nimefunga, ili Danstan asipate kitu.

Kinakosekana kitu kimoja. Mwisho. Mstari wa mwisho unapanda, unapanda, unafika juu kabisa, halafu hauna pa kushukia. Kama mbuzi aliyepanda paa. Nimejaribu kuushusha kila upande. Nimejaribu kuuruka. Mbuzi yuko juu ananitazama.

Mchana nikaona viatu chini ya pazia. Vile vyekundu vya Tecla. Vikasimama. Vikaja vya Danstan, vyenye vumbi. Vikaja vya Mzee Malongo. Wananong'ona. Nikasikia Tecla anauliza taratibu tangu lini, na Danstan anajibu tangu juzi, alianza kugumia akiwa na helmeti.

Viatu vikaondoka kwa kunyata. Nikafurahi. Nikasema, hatimaye wamejifunza adabu.

Baadaye kikombe kikapenyezwa chini ya pazia. Uji. Wa ulezi, una maziwa, wa moto. Nilikuwa na njaa. Nikaupokea nikanywa wote nikarudisha kikombe.

Ndipo nikasikia Tecla upande wa pili akivuta pumzi, akisema yoo, jamani, ameupokea.

Na mimi nikakumbuka! Huku kwetu mtu mzima mwenye afya hanywi uji wa kuletewa saa za kazi. Uji ni wa mzazi na wa mgonjwa. Na anayejifungia kwa kitambaa mchana kweupe hajatafuta faragha. Faragha ndiyo nini? Amepatwa na jambo. Nami kikombe nimekirudisha kitupu. Nimekiri kwa mdomo wangu mwenyewe, na halikutoka neno.


Ijumaa, 18 Julai

Siku ya maajabu.

Nilifika mapema nikaingia nyuma ya pazia kabla ya watu. Mpango ulikuwa kupata mwisho wa wimbo, kisha kutoka nimepona, bila maelezo. Jua halijapanda vizuri nikasikia mkeka unatandikwa sakafuni. Halafu wa pili. Watu wanavua viatu. Mtu anasema sogea kidogo, muachie mama pa kukaa.

Wamekuja kunitazama! Wala si ofisi yetu tu. Madereva. Mama wa chapati wa uwanjani. Mawakala wa ofisi za jirani, ambao huwa tunagombania nao wateja. Chini ya pazia vikaanza kuingia vitu: sukari, ndizi mbivu, nanasi limekwisha kumenywa, kuku mzima mzima amefungwa miguu. Kuku akanitazama. Nami nikamtazama.

Nifanye nini? Nikitoka mzima, nimekunywa uji wa watu kwa uongo. Nikibaki, uongo unaendelea. Nikatafuta njia ya katikati. Nikakohoa. Sikusema naumwa. Kukohoa si kusema. Nje wakaitikia pole kwa sauti moja, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Muhuri niliendelea kuupiga. Kila mkono wangu ulipotoka, kuna aliyeushika kwanza akauombea, ndipo akaupa karatasi.

Halafu Mama Secilia! Alikuwa Benaco sokoni na maharage yake, mtu akamwambia pole kwa mgonjwa. Mgonjwa gani? Mumeo, amelala ofisini, amezungushiwa kitambaa. Akapanda bodaboda analia. Nilisikia kilio kikiingia mlangoni, kikakaribia, kikakatika ghafla. Amelitambua pazia lake.

Akaingiza kichwa. Akanikuta na kipande cha nanasi mdomoni. Tulitazamana. Kwa sauti ndogo sana akaniambia kwamba ugonjwa wenyewe nitaupata leo jioni, nyumbani, na pazia alikute limefuliwa. Kisha akatoa kichwa, akawageukia watu. Akasema ndugu zangu, mgonjwa ana hali mbaya, anahitaji maombi sana, sana. Msiwe na haraka.

Yule mwanamke! Tumeoana miaka mingi na bado ananitisha kwa akili.

Basi wakaomba. Danstan aliomba kwa Kianglikana, kwa mpangilio. Dereva mmoja Mwislamu akaomba dua, wakaitikia amina. Mzee Malongo, ambaye hajawahi kusema anasali wapi, alisema tu kwa Kisukuma maneno machache. Akasema kwa Kiswahili kwamba huyu mzee hajawahi kufungua ofisi kwa uso uliokunjwa. Jamani. Sikujua kama anautazama uso wangu.

Hapo ndipo Danstan akasema, tumwimbie. Tumwimbie ule anaougumia tangu Jumanne, huenda ndio unaomfariji.

Wimbo wangu! Siri yangu!

Wakauanza. Wote. Wanaujua! Kiitikio, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili nilioupata jana tu kwa puani. Maneno yangu hawakuwa nayo, wakaweka ya kwao: Bwana mponye, Bwana mponye Anatoli. Tecla alishika sauti ya kwanza. Sikujua yule dada ana sauti ile. Amezila karanga zangu mwaka mzima na kuificha sauti! Danstan akaingia besi, chini kabisa, kama lori linaloshuka mteremko kwa gia nzito. Mama wa chapati akachukua ya pili. Madereva waliobaki nje wakaitikia, na nikasikia kupitia dirishani uwanja mzima unavuma.

Sijawahi. Sijawahi, kwa miaka yangu yote ya kupunga mikono, kusikia kitu kama kile. Pazia lilikuwa linatetemeka. Kuku alinyamaza.

Wakafika kwenye mstari wa mwisho. Ukapanda. Ukapanda. Nikafumba macho, maana najua hapo hapana njia. Wataanguka wote.

Tecla akashuka. Hivi hivi tu! Hakuruka, hakutafuta. Alikaa juu kidogo, akapumua, akaanza kuja chini polepole kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia anayoijua, na wengine wote wakamfuata nyuma yake mpaka wakafika, wakanyamaza pamoja.

Nililia. Nilishika ile kamba ya pazia nikalia kama siku aliyozaliwa Secilia. Kamba ikakatika. Pazia likaanguka, nikabaki nimesimama mbele yao, nimesimama wima, machozi usoni na nanasi mkononi.

Mzee Malongo akapiga kelele, amesimama!

Vigelegele. Makofi. Honi za malori. Mama wa chapati alianguka magotini. Tecla alinikumbatia, akasema tulifikiri tunakupoteza, Baba Secilia. Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo. Lakini ni ukweli upi? Kwamba sikuwa mgonjwa? Mimi mwenyewe pale nilijihisi nimepona kitu, sijui kitu gani.

Nikasema asanteni. Mama Secilia akakunja pazia lake, akachukua kuku.


Jumamosi, 19 Julai

Mazoezi ya kwaya. Nilifika nimekaza uso kama mtu mwenye hazina. Nikawaambia wanakwaya, wimbo huu hakuna sikio la mwanadamu lililousikia.

Nikaimba mstari wa kwanza. Wakamalizia wenyewe.

Eufrazia akasema anaujua, si ule wa mgonjwa wa Rusumo? Vijana wa bodaboda wa Benaco wanaupiga mluzi tangu jana jioni. Nikakaa chini. Nikamuuliza Mungu kimoyomoyo, Bwana, hukuweza kuuzuia hadi Jumapili tu?

Lakini tukaweka maneno ya matoleo, tukagawa sauti, na jioni wimbo ulikuwa umesimama. William alihangaika na kinanda chake, akafika mwisho, akarudia, akarudia. Akaniuliza kwa heshima, akaanza na shikamoo mwalimu, ule mwisho niliutoa wapi, maana yeye kwenye kinanda asingeufikiria. Nikamwambia, katika faragha, kijana wangu. Nyuma ya pazia. Peke yangu na Roho Mtakatifu.

Akaandika.


Jumapili, 20 Julai

Nimeuona utukufu. Sina maneno mengi.

Matoleo yalipoanza niliinua mikono. Kabla sijaishusha, kanisa zima limeanza. Si kwaya. Kanisa! Bibi wa mabenchi ya mbele, watoto, wanaume wa nyuma wasioimbaga, na waliosimama nje madirishani. Wakulima wanapanda altareni na mikungu, na maharage, na mbuzi, wote wanaimba, hata mwenye mbuzi. Nikatafuta la kufanya na mikono yangu. Hakuna aliyeihitaji. Nikaishusha taratibu, nikasimama tu nikisikiliza kama mgeni.

Askofu alikuwa amenyoosha mikono kupokea kapu la kwanza. Akalipokea, akasahau kulikabidhi. Alibaki nalo amelikumbatia mpaka mstari wa mwisho uliposhuka na kufika.

Baada ya Misa Padre alitangaza: Anatoli Ntirampeba anabaki mwalimu wa kwaya, William atapiga kinanda chini yake. Eufrazia alinipa mkono wa pongezi. Mama Secilia alinitengenezea kola mbele za watu.

Tecla alikuwepo, si Mkatoliki lakini alikuja, pamoja na Danstan. Alikuwa na macho mekundu. Akaniambia kwamba ule mwisho, Baba Secilia, ule mwisho ndio uliomkamata. Kama anaufahamu mahali.

Nikamhurumia. Nikamshika bega nikamweleza kwamba zawadi kama ile haitoki kwa mtu, ilinijia nikiwa peke yangu, na yeye pia akijifunza kukaa kimya mbali na watu, huenda siku moja akapewa japo mstari mmoja.

Akanitazama sana. Akasema haya, Baba Secilia, nimesikia. Kisha akashika ukuta wa kanisa akacheka mpaka Danstan akaja kumshikilia.

Sijui alichochekea. Furaha ya sikukuu, nadhani.


Jumatatu, 21 Julai

Nimekaa nikayapima mambo yote ya wiki, na somo ni wazi kabisa. Faragha! Yote yametoka kwenye faragha. Nilipokuwa wazi sikupata kitu. Nilipojificha, wimbo ukakamilika. Kosa langu lilikuwa kitambaa. Kitambaa kinapitisha uji.

Na Krismasi inakuja. Padre ameshataka wimbo.

Kwa hiyo leo nimemfuata Venance, fundi seremala. Kibanda cha mbao kuzunguka meza ya mihuri, hadi juu. Mlango mzito. Komeo kwa ndani. Nilidhani Mzee Malongo atakataa. Nilipomweleza kwamba nataka chumba kidogo cha utulivu mle ofisini, alivua kofia, akanishika mikono yote miwili, akasema alikuwa anangoja tu niseme. Mbao ananunua yeye. Akamwambia Venance apanue, kisiwe kidogo, aweke na mabenchi.

Mabenchi! Kwa mtu mmoja! Lakini Wasukuma hawajui kutoa kidogo.

Mama wa chapati ameleta maua ya kuweka mlangoni. Danstan amepiga simu kwa mawakala wa upande wa pili wa mto. Tecla ameniuliza nitakuwa nafungua saa ngapi. Nimemwambia alfajiri. Akasema basi atawaambia wenye wagonjwa.

Ofisi yote imeelewa. Ajabu ya Mungu! Sasa nitakaa peke yangu.